Kimono Iliyofungwa Kama Kikwembe

Asubuhi ile hariri ilikuwa na joto. Huko Rubaya, mji wa migodi katika milima ya Masisi, Kongo, kukipambazuka kila kitu huwa baridi, sufuria, sabuni, hata Biblia, lakini Euphrasie alipoitoa kimono, joho la Kijapani, kwenye sanduku la bati aliikuta na uvuguvugu wa shati lililovuliwa sasa hivi. Alishtuka. Kisha akaiweka shavuni, akatabasamu, akajiambia hariri ya zamani ndivyo ilivyo. Akipenda, chongo huita kengeza.

Na Euphrasie alikuwa amependa, tena vibaya. Alikuwa mjane na mshonaji, na balo, yale marobota ya mitumba, zilipofunguliwa sokoni wenzake waligombania suruali na makoti, yeye akinyoosha shingo aone kama kutachomoza kipande cha Japani. Miaka mingi alikusanya hivyo: mikanda mipana ya harusi, mikono iliyotariziwa maua kwa nyuzi za fedha, mavazi ya sherehe ambazo hakuna mtu pale aliyezijua. Hakuuza hata kimoja. Majirani walisema anafuga nguo za wafu, naye akawajibu kwamba wivu hauna dawa. Kwenye simu alikuwa na kundi la wapenzi wa hariri, watu wa mbali wanaoandikiana Kifaransa, na huko walimwita Madame Euphrasie.

Hii ya leo ndiyo ilikuwa malkia wa zote: nyekundu, nzito, ndege korongo wa dhahabu wakiruka kutoka pindo hadi bega. Francine, mtoto wake wa pekee, angeolewa Jumamosi na Magloire, na mama alikwisha kuapa kwamba Masisi nzima itaongea juu ya bibi harusi huyo mpaka ichoke.

"Mama, mi naiogopa," Francine alisema. "Inanuka sawa ubani ya mazishi."

"Ni arufu ya sanduku. Simama muzuri."

Akamvika. Aliifunga kama mwanamke yeyote wa pale anavyofunga kikwembe, kile kitenge cha kiunoni, upande wa kuume juu, wa kushoto chini, maana mikono yake haikujua namna nyingine. Akamzungushia mkanda mpana, akakaza fundo mgongoni, akapiga picha na kuituma kwenye kundi apate sifa zake.

"Mama," Francine akanong'ona, "nani iko nyuma yangu?"

"Hakuna muntu."

"Kuko muntu ananivuta nguo."

Naye Euphrasie alisikia. Msichana alikuwa amesimama wima, hajainua mguu, na bado hariri ilikuwa ikiburura kwenye sementi, shaa, shaa, nyuma ya pazia la chumba, kwa hatua fupi fupi za mtu asiye na haraka. Alifunua pazia. Kitanda, ndoo, basi.

Alipogeuka, Francine alikuwa amejilaza juu ya mkeka, haitiki akiitwa.

Adhuhuri ukungu ulishuka kutoka milimani na kuingia mpaka mlangoni, sauti za wapagazi wa madini ya koltani barabarani zikafifia, na Euphrasie alipiga magoti akivuta lile fundo ambalo yeye mwenyewe alilifunga, akavunja kucha, akavuta tena, na kila alipovuta mkanda ulizidi kukaza kiunoni mwa mwanawe, na mikono ya mwanawe ikapanda yenyewe polepole ikakunjana kifuani, na ule ubani ukajaa nyumba nzima hadi koo likamuwasha, na wakati huo wote hariri ilikuwa moto kama uji na mwili uliokuwa ndani yake ukipoa. Alimwogopa mtoto wake mwenyewe. Alipiga kelele akimwita Carmel, jirani wa kikundi cha maombi.

Carmel aliingia akiimba, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Francine, na wimbo ukakatika. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mama Francine," alisema kwa sauti ya chini, "mu hii nguo muko bantu babili. Ikate. Ikate sasa."

"Nitaifungua polepole."

"Unapenda nguo ao unapenda mutoto?"

Kitu kikacheka, kicheko kidogo cha adabu, kama cha mwanamke aliyefunika mdomo kwa mkono wa nguo. Carmel hakungoja jibu. Alikimbilia kwenye ukungu akilitaja jina la Yesu.

Ndipo simu ikaita. Ujumbe ulitoka kwa mama mmoja wa lile kundi, wa Kyoto kule Japani, aliyeiona picha: "Madame, mtoe mwanao humo upesi! Kuume juu ndivyo tunavyowavika maiti wetu. Walio hai hufunga kushoto juu. Fundo likikataa, chukua mkasi."

Mkasi ulikuwa juu ya cherehani. Euphrasie aliuchukua, akaufungua, akauingiza chini ya mkanda, na wale korongo wakamtazama. Akauchomoa, akauweka mkekani. Alijidanganya, Mungu amsamehe: kama kosa ni upande, si ageuze upande tu?

"Nitaigeuza," alinong'ona. "Sitakata. Nitaigeuza."

Fundo likalegea lenyewe. Hapo angeweza kuivua na kuitupa mtoni, lakini aliiona Jumamosi, aliliona kanisa limejaa, akatamani vyote viwili, mtoto na nguo. Akachukua upande wa kushoto, akauweka juu.

Francine akavuta pumzi. Mashavu yakarudi na rangi, ubani ukatoweka, na Euphrasie akalia kwa furaha akimkumbatia. Msichana aliondoa ile mikono taratibu, kama unavyomwondoa mtu usiyemfahamu. Akapiga magoti, akanyoosha mikunjo ya hariri, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Francine?"

Aliinua uso na kumtazama kwa heshima ya mgeni. Kati ya wale wawili, mama alikuwa amempa uhai yule ambaye hakumzaa.

Sasa hakusita. Alinyakua mkasi, akamrukia, akashika kola kwa mkono mmoja, akaupanua kwa mwingine. Na pale pale chini ya vidole vyake, kutoka ndani ya nyuzi za dhahabu, ikatoka sauti nyembamba aliyoijua tangu siku ilipolia mara ya kwanza.

"Mama, usikate. Niko humu."