Mama Mkwe na Miezi ya Mshtarii

Kwetu mjini Dubbo, Jumamosi ni ya kuchoma soseji uani. Mume wangu, Darryl, haachi jiko lake hata mvua ikinyesha. Jioni hiyo, giza lilipoanza kuingia, aliisimamisha darubini mpya nyuma ya jiko, ili ageuze nyama huku anatazama mbingu. Akili ya mume wangu hiyo!

Darubini alimnunulia mama yake, Merle. Macho ya mama mkwe yalikuwa yanafifia katikati. Akikutazama usoni, anaona masikio tu. Daktari alisema hata uoni uliobaki huenda ukapotea. Mama mkwe alitaka jambo moja: kuiona miezi ya sayari ya Mshtarii kwa jicho lake mwenyewe, asisimuliwe.

Aliinama, akatazama. "Naona uji unachemka."

"Ni macho, Mama," Darryl alisema kwa upole. "Basi, pumzika."

Mama mkwe aliiacha darubini. Iliniuma sana.

Jirani yetu Glenys, mwenye darubini yake miaka mingi, aliingia na bakuli la kachumbari. Alipoona, alicheka mpaka kachumbari ikamwagika.

"We Darryl! Unatazama sayari kupitia moshi wa soseji? Hewa ya moto hutikisika, na picha hutikisika nayo. Ipeleke kule kwenye majani. Hata saruji hii imeshinda juani, bado inatoa joto. Halafu iache darubini ipoe, imetoka kwenye joto la gereji."

Tuliihamisha, tukangoja. Mama mkwe akajaribu tena.

"Uji umetulia. Lakini katikati ni lile shimo langu."

"Usiikodolee macho, Merle. Tazama kando kidogo, kama unavyomchunguza mkweo akitia chumvi. Hata sisi wenye macho mazima hufanya hivyo. Vitu hafifu huonekana vizuri kwa pembe ya jicho."

"Kando ndiko ninakoishi siku hizi," alijibu.

Akainama tena, akatazama kando. Kisha alinishika mkono, akaubana.

"Minne! Imejipanga mstari mmoja. Ee Mungu wangu, kumbe ipo kweli!"

Nami nilitazama, mwili ukanisisimka. Dunia nyingine na miezi yake, juu ya uzio wetu! Nilitaka kulia, na sikujua kwa nini.

Tukarudi mezani. Mama mkwe alikataa kuondoka. Baada ya kitambo aliita, "Mmoja umepotea."

Darryl alishusha pumzi. "Mama, umechoka. Macho yako..."

"Nimesema umepotea! Ule uliokuwa karibu kabisa na sayari."

Glenys alikwenda kuinama kwenye darubini. Alikaa hapo muda.

"Darryl, njoo umwombe mama yako radhi. Miezi ile huizunguka sayari yake, na mmoja umepita nyuma. Merle ameuona ukizama. Mimi mtaalamu nilikuwa nakula."

Darryl alitazama mwenyewe. Aliona mitatu. Akaenda, akaleta kiti cha mama yake, akakiweka kwenye majani. Yeye akachuchumaa kando.

"Utatokea upande wa pili?" aliuliza.

"Utatokea," alisema mama mkwe. "Wewe kaa. Nikiuona nitakwambia."