Aliyekalia Foklifti

Kiti cha foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kilikuwa kimebonyea kama kimekaliwa na mtu, ilhali Mama Pacha, dereva wake, alikuwa amesimama chini. Alishuka mara moja tu kupanga boksi lililotaka kuanguka, injini ikazimika nyuma yake. Shehena ya samaki wa barafu iliyokuwa kwenye uma za mashine ikabaki imeegemea mlango wa chumba cha baridi, na ndani alikuwamo mumewe, Baba Pacha, mpakizi. Kitasa cha ndani kilivunjika zamani. Wote walijua, wote walisema kitatengenezwa.

Wapakizi wenzake waliisukuma foklifti irudi nyuma mpaka wakachoka. Magurudumu yalikuwa yamekaza. Baba Pacha aligonga mlango, nao wakamgongea.

Fundi wao, waliyemwita Spana, alikuja akitania kwamba mashine ni kama mume, ikinuna haisemi kisa. Akakagua kila kitu. Betri ilikuwa nzima, dizeli imo, gia iko huru. Ikabaki swichi ya chini ya kiti, isiyoruhusu injini kuwaka mpaka ihisi uzito wa dereva. Spana akaunga taa ya kupimia umeme kwenye nyaya zake; Mama Pacha alipokaa, ilizimika. Aliposhuka, ikawaka, kama swichi imehisi uzito. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kitini.

"Nani amekaa hapo?" Mama Pacha akanong'ona.

"Nyaya zimegeuzwa tu, dada," Spana akasema bila kumtazama. "Washa ukiwa hapo hapo chini."

Hakutaka. Lakini mlango ulikuwa unagongwa polepole sasa, kama na mtu anayesinzia, na jioni watoto wangemuuliza baba yuko wapi. Akapenyeza mkono, akageuza ufunguo.

Injini iliwaka papo hapo. Mkono wa gia ukaanza kusogea wenyewe.

"Mwenyewe," Mama Pacha akakiambia kiti kitupu, kwa adabu ile anayozungumza nayo na mkwewe, "sina ugomvi na wewe. Rudi nyuma tu. Baba wa wanangu yumo humo."

Gia ikatulia, kama inasikiliza. Kisha ikaingia ya mbele. Mama Pacha akaidaka, akaivuta kwa mikono miwili, Spana akachomoa ufunguo, wapakizi wakang'oa nyaya za betri, na injini ikazidi kunguruma, magurudumu yakitambaa bila haraka, bati la mlango likilia na kukunjika kuelekea ndani.

Baba Pacha aliacha kugonga mlango. Sasa aligonga ukuta wa nyuma.