Chupa ya Maji ya Mwezini

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, mke wa Fundi Rangi alimwekea mumewe mezani sindano na dawa ya kisukari. Na kila asubuhi Fundi Rangi alinung'unika.

"Mke wangu, uliolewa na mtu au na kitambaa cha kuchomekea sindano?"

Wakacheka. Kisha mume akajichoma, akabeba ngazi na ndoo, akaenda kupaka kuta za watu. Miaka sita walikwenda hivyo.

Mwaka wa saba, kiatu kilimchubua kidole cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini hakikupona. Fundi Rangi akavunjika moyo.

"Najichoma kila siku na bado naoza," alisema. "Ya nini sasa?"

Ndipo alipokuja mtu mmoja akiuza maji. Alivaa koti jeupe kama daktari. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichoandikwa kwamba mwezini kuna maji.

"Habari hii si yangu, ni ya wataalamu," alisema. "Mimi ninayo maji yenyewe. Hayajaguswa na uchafu wa dunia. Ukiyanywa haya, sindano utaisahau."

Mke alisita. Lakini gazeti lilikuwa gazeti kweli, na hata redioni alikuwa ameisikia habari hiyo. Akanunua. Kesho yake, kwa mkono wake mwenyewe, aliiondoa sindano mezani akaweka chupa.

Siku zikapita. Fundi Rangi alishikwa na kiu isiyokwisha. Alikwenda kukojoa mara kwa mara.

"Vizuri sana!" alisema muuzaji, alipoleta chupa nyingine. "Ugonjwa unatoka huo."

Haukuwa unatoka. Kidole kikawa cheusi, mguu ukavimba, chumba kikaanza kunuka.

Jirani yao alikuwa mpimaji wa maji ya bomba ya mji. Jioni moja, akitoka kazini, alipitia gauni lake alilompa mke wa Fundi Rangi amshonee. Alipofika mlangoni, harufu ikamsimamisha.

"Shemeji ana nini?"

"Anaendelea na dawa," mke alijibu, akimwonyesha chupa mpya. "Maji ya mwezini."

Jirani hakucheka. Alitoa mkobani kichupa cha kioo, akamimina maji kidogo, akatia kidonge. Maji yakageuka rangi ya waridi.

"Unaona, dada? Rangi hii inaonyesha kuna klorini, dawa tunayotia sisi kwenye maji ya bomba. Huko mwezini nani anatia klorini?"

Mke aliinyanyua chupa kwenye mwanga. "Lakini redioni walisema yapo!"

"Yapo. Redio haikudanganya. Ila ni barafu, imechanganyika na udongo, ndani ya mashimo marefu yasiyofikiwa na jua. Wataalamu hawakwenda na ndoo. Walirusha vyombo, vikapima mwanga na vumbi, vikaona dalili za maji. Kwenye sayari ya Mirihi wameona mabonde yaliyochimbwa na mito iliyokauka zamani, na barafu pia. Kuna mwezi mmoja wa sayari ya Zohali unaorusha mvuke wa maji angani. Udongo na mawe ya mwezini yameletwa duniani. Chupa ya maji ya kunywa, hakuna aliyeileta."

Fundi Rangi alikuwa akisikiliza kitandani. "Sasa wanayatafuta ya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Penye maji panaweza kuwa na uhai, shemeji. Wanataka kujua kama tuko peke yetu. Na watakaosafiri huko siku moja watayahitaji. Lakini hata yangeletwa leo, yangekuwa maji tu. Hayatibu kisukari. Na kiu yako hiyo, na huko kukojoa, ni sukari imepanda. Inukeni twende hospitali sasa hivi."

Walikwenda. Daktari aliuangalia mguu, kisha akamwita mke pembeni.

"Mngekuja wiki tatu zilizopita, tungekata kidole. Sasa tunakata mguu, chini ya goti."

Mke alikaa sakafuni pale pale. Hakulia. Alikuwa anaitazama mikono yake, ile iliyoiondoa sindano.

Fundi Rangi alipona, ila ngazi hakuipanda tena. Walimripoti muuzaji polisi, lakini hakuonekana tena. Asubuhi mume hujichoma bila kunung'unika, bila utani pia, na kimya hicho mkewe anaona ni kizito kuliko manung'uniko. Sukari imeshuka. Kila siku mke anamkagua mguu uliobaki, kidole kwa kidole. Mchubuko wowote, siku hiyo hiyo wako kliniki.

Siku moja wakiwa kliniki, kwenye benchi, mama mmoja aliyekaa karibu nao alitoa chupa mkobani. Mke aliitambua karatasi iliyobandikwa juu yake, ile ile ya chupa za muuzaji.

"Mama, umeacha sindano?"

"Nimechoka nazo, mwanangu. Leo nimekuja kuaga tu. Haya yanatoka mwezini, gazeti limeandika."

Mke aliitazama tena mikono yake. Fundi Rangi ndiye aliyesema.

"Mama, nami niliyanywa." Akavuta shuka lililomfunika magotini.

Yule mama alitazama mahali ambapo mguu haukuwepo. Kisha akaiweka chupa chini ya benchi, akainuka, akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa.