Mfereji Uliochimbwa Bure

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wa kilima kimoja cha Bweyeye walitoka mapema na majembe. Walichimba mfereji wa bomba la maji. Maman Nyirabagenzi alichimba na mtoto mgongoni, na mdomo wake haukupumzika.

"Chimbeni! Batoto bangu bamechoka kushuka mutoni!"

Mudathiru, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kamembe aliyechora njia ya bomba, alifika jua limepanda, kompyuta kwapani. Aliutazama mfereji. Ulipita penye udongo unaoporomoka mvua ikinyesha. Yeye alikuwa ameshaligundua hilo, akahamisha njia ya bomba kwenye mchoro. Hakumwambia mtu.

"Mbona mmechimba huku? Njia niliibadilisha!"

"Ulimwambia nani?" aliuliza Hakimu, mwanafunzi mwenzake aliyewaongoza wachimbaji.

"Iko kwenye mchoro mpya."

"Na mchoro uko wapi?"

"Kwenye kompyuta yangu."

Watu wakaweka majembe chini.

"Kumbe kompyuta ilijua!" alisema Nyirabagenzi. "Enjenieri, hii shimo tulimuchimbia nani? Kama ni kaburi, lala ndani tupime."

Watu wakacheka. Mudathiru alitamani kweli kulala humo. Viganja vya yule mama vilikuwa na malengelenge.

Védastine, mwalimu wa wanafunzi hao, hakucheka. Aliwaita Mudathiru na Hakimu kando.

"Mudathiru, hesabu zako ni sahihi. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa wataona mchoro wa kwanza niliukosea."

"Haya, sasa wameona wote. Ukibadilisha kitu, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo. Kisha akurudishie alivyosikia, kwa maneno yake. Usiridhike na 'ndiyo' tupu. Nawe Hakimu, kabla watu hawajashika jembe, uliza kama kuna kilichobadilika."

Mudathiru akarudi kwa watu, macho chini.

"Kosa ni langu. Nisameheni." Akawaeleza njia mpya. "Maman, umenisikiaje?"

"Bomba ikipita hapa, mvua itaikata. Tupite kule juu, kwenye mawe."

"Hivyo hivyo."

Mfereji wa bure aliufukia mwenyewe, huku watoto wakimchungulia. Tangu hapo, kila asubuhi wanafunzi walikutana kwanza: nini kimefanyika, nini kimebadilika, nani amekwama.

Siku maji yalipotoka, Nyirabagenzi alikinga bidoni lake la kwanza, dumu la maji.

"Enjenieri, leo umesema yote?"

Mudathiru alionyesha koki. "Bado, Maman. Koki inavuja kwa chini. Nimemwambia Hakimu."

"Na Hakimu alisikia nini?"

Hakimu alikuwa ameshapiga magoti, spana mkononi.

"Koki inavuja kwa chini," alisema. "Ninaikaza."