Mzee Mukonyo Ashuku Uji

Mzee Mukonyo alikuwa fundi seremala kule Ruiru. Kila asubuhi Wangeci, mke wa mwanawe, alimpelekea uji uani. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Hata majirani walitazamana kwa wasiwasi.

Asubuhi moja Mukonyo aliitazama fremu ya mlango aliyoitengeneza mwenyewe. Ngai, Mungu wangu! Ilikuwa imepinda. Akaipapasa. Mkono ulisema imenyooka, jicho likakataa.

"Uji wako, Baba."

Aligeuka. Aliona kitambaa cha kichwa na kibuyu. Lakini usoni pa Wangeci palikuwa na doa jeusi.

"Umetia nini humu?"

"Unga na maji tu, Baba."

"Onja wewe kwanza!"

Wangeci akaonja, machozi yakimlengalenga. Mukonyo hakunywa. "Huyu ananipofusha polepole," aliwaza, "ili yeye na mumewe wachukue shamba langu." Tangu siku hiyo akajipikia viazi mwenyewe. Hata hivyo, doa halikuondoka machoni pake.

Siku nyingine alimpita jirani yake, Benta mkunga, bila salamu.

"Mzee, umenikasirikia?" Benta akauliza.

"Kwani wewe ni nani?"

Benta akashtuka. "Macho yanauma?"

"Hayaumi. Wala si mekundu. Nimelishwa kitu."

"Basi twende hospitali Thika, tujue ukweli."

Huko Thika, tabibu Odhiambo alimfunika jicho moja. "Tazama nondo za dirisha."

"Zimepinda. Ya katikati siioni."

Tabibu akafunika la pili, na Mukonyo akasema, "Hizi zinayumba kidogo."

Odhiambo akammulika ndani ya macho. "Mzee, hukulishwa kitu. Nyuma ya jicho kuna mahali pa kuonea kile unachokikazia macho. Pako pamechakaa kwa uzee. Ndiyo maana vitu vilivyonyooka vinapinda na nyuso zinafutika, lakini pembeni unaona."

"Nipe dawa."

"Ya kuponya hatuna. Lakini hutaingia gizani kabisa. Fanya kazi penye mwanga. Zoea kutazama kwa pembeni. Na macho yakibadilika ghafla, njoo siku hiyohiyo."

Mukonyo aliinamisha kichwa. "Nimemwonea Wangeci bure. Nikifika nyumbani nitamwambia."

"Yuko hapo nje," Benta akasema. "Ndiye aliyekushika mkono tangu stesheni."

"Yule? Nilidhani ni binti yako! Mbona hakusema neno?"

"Aliogopa ungemsukuma, ukaanguka."

Mzee akatoka, akipapasa ukuta.

"Wangeci?"

"Niko hapa, Baba."

"Nisamehe, mama. Sema nami njia nzima, nijue ni wewe."