Mpunga Ulioota Ndani ya Gari

Kila Ijumaa jioni Modesta alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kuosha sanduku la samaki. Akishatoka shule alivua sare, akafunga kanga kiunoni, akachukua ndoo na brashi. Kisha alifungua mlango wa nyuma wa gari la baba yake na kupiga magoti mahali ambapo zamani palikuwa na viti.

Zamani hiyo haikuwa ya mbali. Baba yake, Mzee Nestory, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka ile viwanda vingi vya umma viliuzwa au kufungwa, naye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Kwa kiinua mgongo chake alinunua gari dogo jeupe lililokwisha kutumika huko Japani, na likawa gari la kwanza katika mtaa wao pale Buhongwa. Kwa majuma machache Modesta aliishi kama binti wa waziri. Alipelekwa shule kwa gari, amekaa nyuma peke yake, kioo amekishusha ili wenzake wamwone vizuri. Darasani kukawa hakukaliki. "Nyinyi mnaotembea kwa miguu," alikuwa akiwaambia wenzake wa darasa la sita, kana kwamba yeye alizaliwa garini.

Halafu siku moja baba alilipeleka gari kwa fundi Shimba wa Mirongo, vikang'olewa viti vya nyuma. Mahali pake Shimba alitengeneza sanduku kubwa lenye kuta mbili: nje mbao, ndani bati. Katikati ya kuta hizo alishindilia pumba za mpunga, zile zinazomwagwa nje ya mashine za kukoboa, kwa sababu pumba kavu huzuia joto na barafu haiyeyuki upesi. Chini aliacha tundu lenye mpira wa kupitisha maji ya barafu mpaka uvunguni mwa gari. Viungo vya chini aliviziba kwa lami. Vya juu hakuviziba, maana maji hayakutarajiwa kufika huko.

Viti vyenyewe havikutupwa. Mama yake Modesta, Bernadeta, aliviweka sebuleni, akavitandikia kitambaa cha kufuma, navyo vikawa kochi. Kila jioni Modesta aliketi kwenye kiti kilekile cha gari, ila sasa hakikumpeleka popote.

Hilo angeweza kulivumilia. Lililomchoma roho lilikuwa jingine. Gari sasa lilibaki na viti viwili tu, cha dereva na cha pembeni yake, na hicho cha pembeni kilikuwa cha Mama Janet.

Mama Janet, ambaye jina lake lilikuwa Agutu, alikuwa jirani yao kutoka upande wa Mara. Alikulia kwenye samaki. Yeye na Mzee Nestory walikuwa wameungana: huyu gari, yule samaki. Kila Jumamosi alfajiri walikwenda mwaloni Kirumba, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, wakajaza sanduku sato na barafu, kisha wakaenda kuuza Misungwi. Na kwa kuwa sokoni ilihitajika mikono ya ziada, Mama Janet alimchukua bintiye. Mama na mtoto walibanana kwenye kiti kimoja, wakapita mbele ya nyumba za watu, na Janet akapunga mkono.

Janet na Modesta waliketi dawati moja shuleni. Kila Jumatatu Janet alisimulia habari za Misungwi, miwa aliyonunuliwa na ng'ombe waliozuia barabara. Alisimulia bila ubaya wowote. Lakini Modesta kila aliposikia alihisi kama anaibiwa kitu mchana kweupe.

Ijumaa moja, alipokuwa akiosha sanduku, Janet alipita akiwa amevaa raba mpya nyeupe.

"Za kwendea Misungwi kesho," Janet alisema, akainua mguu mmoja ili rafiki yake aone vizuri.

Modesta alisugua bati kwa nguvu zaidi. Janet alipoondoka alimfuata baba yake, aliyekuwa akikagua magurudumu.

"Baba, kesho na mimi naomba twende."

"Utakaa wapi mwanangu? Juu ya mfuniko?"

"Mbona Janet anakwenda?"

"Janet anabanana na mama yake. Halafu anatusaidia kushika mzani."

"Lakini gari ni letu."

"Gari ni letu," baba alikubali, "ila ujuzi wa samaki ni wa Mama Janet. Gari tupu halituletei unga nyumbani. Kaoshe sanduku, halafu uhakikishe tundu la maji liko wazi."

Modesta aliondoka amenuna mpaka midomo ikachongoka. Aliingia sebuleni, akajitupa kwenye kile kiti. Kwenye kona kitambaa kilikuwa kimechanika, na sponji ya njano ilichungulia nje. Aliichokoa kwa kidole, kwanza kwa hasira tu. Kisha wazo likamjia. Alinyofoa kipande, akarudi garini, akakisukuma kwa kijiti ndani kabisa ya tundu la maji.

Tuseme ukweli: hakutaka samaki waoze. Alitaka maji ya barafu yajae, yafurike hadi kule mbele, yalowanishe zile raba nyeupe na kuzinukisha shombo. Janet angelia, angesema hataki tena kwenda, na kiti kingepata nafasi. Ndivyo kijicho kinavyofanya hesabu zake, hakijumlishi mpaka mwisho.

Kesho yake jioni gari lilirudi. Raba za Janet zilikuwa nyeupe vilevile. Maji hayakufika mbele. Yalipanda ndani ya sanduku na kupenya kwenye viungo vya juu hadi kwenye pumba. Pumba zilipolowa, joto likaingia na barafu ikayeyuka yote kabla ya adhuhuri. Sato wa chini walishinda ndani ya maji ya uvuguvugu, wakalegea na kupasuka matumbo, na wateja wa Misungwi wakaondoka wameziba pua.

"Tundu liliziba magamba," Mzee Nestory alikuwa akisema, sauti imepanda. "Kupanga samaki ni kazi yako, Mama Janet. Uliacha magamba mengi."

"Baba Modesta, niliwasafisha mwenyewe. Na niliweka wavu juu ya tundu kama siku zote."

"Sasa maji yalizuiwa na nini? Modesta, hebu osha sanduku, utuambie umekuta nini."

Modesta aliingia garini. Aliingiza kijiti, akaivuta sponji, imevimba na kuwa nyekundu kwa damu ya samaki. Aliikunja kiganjani. Alipogeuka aliwaona watu wazima wawili wanamsubiri, na Janet nyuma yao.

"Umekuta nini?" baba aliuliza.

"Magamba, baba."

Mama Janet alimtazama kidogo. Hakubisha. Mtu mzima atabishanaje na mtoto aliyetumwa kuangalia? Alichukua kikapu chake, akamshika Janet mkono. "Kama ni hivyo, Baba Modesta, tafuta mwingine. Mimi siwezi kuitwa mzembe kwenye kazi niliyofundishwa na mama yangu."

Usiku ule Modesta aliirudisha ile sponji kwenye kona ya kiti, akaifunika kwa kitambaa cha mama. Juma zima Janet alikaa naye dawati moja bila kumsemesha. Hakununa; alikuwa na huzuni tu, na hilo lilimsumbua Modesta zaidi. Hata hivyo, siku ya Ijumaa baba alimwambia, "Kesho utanisindikiza. Kiti kiko wazi," naye akafurahi. Ndiyo, alifurahi. Alilala amekumbatia furaha yake iliyonuka shombo.

Alfajiri alikaa mbele, akashusha kioo. Walipopita nyumba ya kina Janet aliinua mkono kupunga, lakini hapakuwa na mtu wa kumpungia. Nyuma yake sanduku lilitoa harufu ya uvundo ingawa alikuwa ameliosha kwa sabuni. Safari aliyoililia juma baada ya juma ilikuwa ndefu na ya kuchosha.

Mwaloni jua lilikuwa limeshachomoza. Kati ya wachuuzi walimwona Mama Janet amesimama na mabeseni yake ya samaki, akisubiri gari la kukodi. Janet alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa, raba zake zimejaa tope.

"Shikamoo Mama Janet," Modesta alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?" Alijibu vizuri, kama siku zote. Modesta alitamani angemgombeza.

Mzee Nestory alifungua mlango wa nyuma ili aweke barafu. Mwanga ukaingia ndani ya gari. Alisimama, akainama, akainama zaidi.

"Hebu njooni muone," alisema.

Kwenye nyufa za mbao, upande mzima wa sanduku, vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyembamba, vingine vya njano, vingine vya kijani. Mashine za kukoboa huacha punje chache ndani ya pumba, na punje zile zilikuwa zimelowa juma zima. Mpunga ulikuwa umeota ndani ya gari.

Wachuuzi walikusanyika, wakacheka. "Nestory, utavuna lini?" mmoja aliuliza. Lakini Mzee Nestory hakucheka. Alipima kwa kiganja kutoka chini ya sanduku hadi kwenye vichipukizi vya juu kabisa.

"Maji yalipanda mpaka huku," alisema polepole. "Magamba hupitisha maji kidogo kidogo, hayayazuii namna hii. Tundu hili lilizibwa kabisa, tena tangu hatujapakia." Akamgeukia bintiye. "Modesta, ulikuta nini mle?"

Modesta aliangalia ziwani, akaangalia chini. Angeweza kusema magamba tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akaziona zile raba zilizojaa tope, na akakumbuka moja yake ilivyoinuliwa kwa furaha.

"Sponji, baba. Ya kiti cha nyuma. Niliiweka mimi." Machozi yalianza kumtoka. "Nilimwonea wivu Janet. Nilitaka maji yamlowanishe, aache kwenda. Mama Janet hakuacha magamba. Nilisema uongo."

Mzee Nestory alivua kofia yake, akamgeukia mwenzake.

"Mama Janet, nilikuita mzembe mbele ya watoto. Nakuomba radhi mbele ya watu."

"Yamekwisha, Baba Modesta." Mama Janet alichuchumaa, akamshika Modesta mabega. "Wewe ulikuwa unataka kwenda Misungwi tu?"

Modesta aliitikia kwa kichwa.

"Mbona hukuniambia? Ningembakiza Janet Jumamosi moja nikakupakata wewe. Kiti kile kinapokea mtoto yeyote."

Modesta alilia kuliko ambavyo angelia kwa kuchapwa. Janet alishuka kwenye beseni, akasimama karibu naye. Hakuondoka.

Siku hiyo samaki walikwenda Misungwi kwa gari la kukodi, na Mzee Nestory alilipeleka gari lake kwa fundi Shimba. Modesta mwenyewe ndiye aliyezitoa pumba zilizooza, kiganja baada ya kiganja, akabeba gunia la pumba kavu kutoka mashineni na kuzishindilia upya. Walipomaliza, mikono yake ilikuwa imejaa michubuko. Baba yake aliketi naye kwenye ukingo wa sanduku.

"Kumwonea mtu wivu kunampata kila mmoja," alisema. "Hata mimi niliwaonea wivu wale waliobakizwa kazini. Lakini wivu ukikushika, sema. Niambie mimi, mwambie mama yako, au mwambie huyohuyo unayemwonea. Ukiuficha, utakufanyisha jambo baya, halafu utakufundisha kusema uongo ili ulifunike. Ulitaka kumlowanisha mtu mmoja, ukaharibu chakula cha nyumba mbili na jina la mwanamke mwaminifu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Jioni hiyo Modesta aliomba sindano kwa mama yake. Aliiosha ile sponji, akaikausha, akairudisha kwenye kona ya kochi na kushona palipochanika.

Jumamosi iliyofuata, kabla hawajaondoka, alimimina kata ya maji ndani ya sanduku, akalala kifudifudi kuangalia uvunguni. Maji yalitiririka vizuri mpaka tone la mwisho. "Liko wazi," alisema, akainuka na kujipangusa. Mama Janet alikuwa ameshakaa kwenye kiti, na pembeni yake palibaki nafasi ya mtoto mmoja.

Janet alikuwa bado amesimama nje. "Panda wewe leo," alimwambia.

Modesta alikitazama kiti, kisha akatikisa kichwa. "Leo nenda wewe. Mimi nitakwenda Jumamosi ijayo."

Gari lilipoondoka Janet alipunga mkono, na Modesta akampungia mpaka likaishia kwenye kona.