Makala Yenye Haina Moshi

Siye tunaikala Nyamianda, mu muji ya Uvira, karibu na ziwa. Zamani tulikuwa mbali kidogo, lakini ziwa ilipanda. Ilikula byumba bibili bya nyumba yetu, tukabakia na chumba moya. Tole ya juu, ile mabati, tuliokoa. Fasi ukuta ilianguka, tulipigilia bashi, ile plastiki ngumu yenye batu banafunikaka nayo manyumba. Tuliingia bote mule: miye, bibi yangu Generose, mutoto wetu Espoir, na Délice, bibi ya Espoir.

Kazi yangu ni kushona nyavu ya ndagala, bale samaki badogo-badogo. Asubuhi naikala ku baraza na sindano yangu. Balobaji banapita banachokoza: "Papa Thaddée, nyavu yako matundu yake iko kadogo sana, inakamata hata samaki yenye haiyazaliwa." Generose yeye anajibia bote. Iko mutoto wa Runingu, kule mu bonde ya Ruzizi, kwa balimaji. Mutu wa kule haogope kusema. Tangu nilimuoa, sikumwita hata siku moya akakosa kunijibu. Hii neno muiweke mu kichwa, tutairudilia.

Basi mwaka moya, mwezi ya saba, baridi ilikuya. Siye batu ba Uvira hatuyue baridi. Tunayua joto na imbu. Lakini ile mwaka upepo ilitoka ku ziwa, ingine ikashuka ku milima, jua ikapotea, na mvua yenye hainyeshaka ile mwezi ikanyesha. Batu balisema baridi ya Minembwe, kule juu mulimani, imekosa njia, imeshuka kwetu. Balobaji balikatala kuingia mu maji. Jirani yetu Térence alivaa robo, ile nguo ndefu ya bibi yake, juu ya suruali, akaenda nayo mpaka ku soko. Hakuna mwenye alimucheka, juu kila mutu alikuwa amevaa bitu bya ajabu.

Mu ile baridi Délice alizaa. Mutoto alikuya mbele ya wakati, kabinti kadogo, mukono yangu moya ingekatosha. Tulikaita Inamahoro.

Ku sante, ile kituo ya afya, mwenye kuzalisha ni Blandine. Iko jirani yetu pia, nyumba yake inaangaliana na yetu. Alimufundisha Délice namna ya kuchunga mutoto mudogo. Mutoto anavaa kofia, soseti na kitambala ya kojo, ni bile tu. Anawekwa ku kifua ya mama, ngozi ku ngozi, kisha mama anafungwa kikwembe, ile nguo ya kujifunga, juu yake. Blandine alisema mutoto kama yule hana mafuta mu mwili, hayue kujipashia moto. Moto yake ni ngozi ya mama. Délice alifanya vile siku zote balikuwa kule, na mutoto alianza kunyonya muzuri. Basi balibaruhusu.

Shida ilianza ku nyumba.

Kwetu, bibi ya mutoto wako hawezi kuikala kifua wazi mbele yako. Délice iko na heshima. Tangu alikuya kwetu, sijamuona hata kichwa wazi. Na chumba ni moya, na inje ni baridi, na miye niko pale na nyavu yangu. Generose alimwambia: "Baba mukwe wako iko anakuangalia, na weye unafungua kifua? Ile ni mambo ya ku sante. Huku ni nyumba ya batu." Délice aliinamisha kichwa, akamufunika mutoto mu mablanketi, akamulaza ku kitanda.

Kisha Generose akaleta mbabula, ile jiko ya chuma ya kuwashia makaa.

Musimuone mubaya. Kwao Runingu, mama mwenye amezaa anaikala karibu na moto mpaka kitovu ya mutoto inaanguka. Mama yake alifanya vile, nyanya yake alifanya vile. Tena alifanya na akili. Alichagula makala ngumu ya mulimani, juu moshi isiumize macho ya mutoto. Aliwasha mbabula inje, akangoya mpaka makala yote ikakuwa nyekundu na moshi ikaisha, ndiyo aliingiza. Upepo ilikuwa inapita mu matundu, basi akaziba matundu na bitambala. Dirisha tuliipigilia bashi. Chumba ikakuwa na joto muzuri. Siye bote tulimushukuru.

Asubuhi moya Blandine akapita kuangalia mutoto. Mbabula ilikuwa ingali inje, inawashwa. Délice alipomusikia ku mulango, akamutoa mutoto mu mablanketi mbio-mbio, akamutia ku kifua. Blandine akauliza kama mutoto iko pale tangu lini.

"Tangu jana," Generose akajibia, pashipo aibu.

Blandine alishika miguu ya mutoto.

"Mama, mutoto mwenye ameshinda ku kifua, miguu yake haikuwaka baridi hivi."

Miye niliangalia sindano yangu. Blandine alituambia tu: mutoto akikatala kunyonya, ao akilegea, mumuite pale pale, hata kama mvua inanyesha. Akaenda.

Ile siku, kisha saa sita, mvua ilikuya na upepo. Espoir alikuwa kule Kavimvira, anauzisha ndagala kwa batu benye kuvuka mupaka. Délice alitaka kunyonyesha. Basi miye, kama desturi, nikabeba nyavu na kapoti yangu, ile koti nzito, nikatoka ku baraza. Generose, mwenye alikuwa amesha ingiza mbabula, akafunga mulango nyuma yangu, akatia gunia chini yake juu baridi isiingie.

Nilikuwa ninabasikia. Délice alisema kichwa inamuuma. Generose akamwambia ni njaa. Kisha Délice akasema roho inamuchafuka, na magulu haina nguvu. Generose akasema ni uchovu ya kuzaa, alale kidogo. Yeye mwenyewe akasema iko anasikia usingizi. Kisha mvua ikapiga tole, sikusikia tena.

Vidole byangu bilianza kufa baridi. Nikaita, "Mama Espoir, chai haiyaiva?"

Kimya.

Nikaita tena. Kimya. Ndiyo ile neno niliwaambia muweke mu kichwa. Generose hanyamazaka.

Nilifika ku mulango. Nikatia mukono, nikautoa. Délice, mutoto wa batu, iko mule, pengine kifua wazi. Mwanaume mukubwa anaingiaje? Kwetu unakohoa kwanza. Nikakohoa. Nikangoya. Nikakohoa tena kwa nguvu. Hata mutoto hakulia. Ilikuwa ile ya mutoto ndiyo ilinitia woga. Nikasukuma mulango na bega.

Sikuona moshi. Chumba ilikuwa safi, joto, makala inangaa muzuri. Délice alikuwa amelala ku mukeka, nikazani ni usingizi. Generose aliegemea ukuta. Macho yake ilikuwa wazi. Alitaka kuniambia kitu, mudomo ikakatala. Mutoto iko ku kitanda, kimya. Na miye kichwa yangu ikaanza kupiga, na nilikuwa nimeingia sasa hivi tu.

Nikakamata mutoto, nikatoka mbio. Nikamuita Térence, nikamuita Blandine, sauti yangu yote.

Térence alikuya na ile robo yake. Blandine alikuya nyuma, pashipo biatu, anasema kwa nguvu: "Fungueni yote! Mulango, dirisha, yote. Muvute pumuzi inje kwanza, ndiyo muingie. Musikawie mule."

Térence alirarua bashi ya dirisha na mikono. Upepo ikaingia. Blandine akakokota mbabula, akaitupa mu mvua, ikalia kama nyoka. Tukabatoa banamuke, Délice kwanza, tukabalaza ku baraza fasi hewa inapita. Blandine akamugeuza Délice ubavu, juu asijinyonge na matapishi. Alikuwa anapumua, lakini ukimuita haamuke. Generose yeye alitapika, akaanza kulia polepole.

Ndiyo Blandine akagusa mutoto mu mikono yangu. Kalikuwa kamelegea. Kalikuwa baridi kama samaki.

"Papa, vua shati."

Nilizani anamwambia Térence.

"Weye, papa Thaddée. Mama yake hawezi. Nyanya yake hawezi. Miye namushika Délice. Vua."

Kwetu mwanaume habebe mutoto mbele kitovu haiyaanguka. Nilitaka kumwambia Blandine ile. Nilimuangalia Generose, mwenye kuyua desturi yote, na Generose pale chini akanitikisia kichwa: vua.

Nilivua kapoti, nikavua triko, nikavua shati. Blandine akamutia mutoto ku kifua yangu. Alimusimamisha kama chura, tumbo ku kifua yangu, kichwa ikigeuka ubavu juu pua ikuwe wazi. Akafunga kikwembe yake juu yetu, nguvu. Kofia ku kichwa ya mutoto. Kapoti juu ya yote.

Térence alikuwa amesha simamisha pikipiki mbili. Délice alikaa kati ya mwenye kuendesha na Blandine, Blandine amemukumbatia. Miye nikapanda ingine. Generose alibaki na Térence, bakatafuta ingine, bakatufuata nyuma.

Ile njia ya lopitali naiyua kama mukono yangu. Ile siku haikuisha. Matope, mashimo, upepo mu uso. Sikusikia kitu ku kifua. Nilikuwa nasema na mutoto. Nilimwambia majina ya samaki, juu sikuyua kitu ingine ya kumwambia. Mukebuka, kuhe, sangala, ndagala. Nikaanza tena. Hakuna kitu. Nikawaza Espoir kule Kavimvira, anauzisha, anacheka na batu, hayue.

Fasi ya kugeukia lopitali, nikasikia kitu ya moto inashuka ku tumbo yangu. Inashuka mpaka ku mukaba. Nikakawia kufahamu. Mutoto alikuwa ananikojolea.

Kisha akakwaruza kifua yangu na kakucha, akalia. Sauti ya kapaka. Mwenye kuendesha akaniuliza kama niko nalia. Nikamwambia ni mvua.

Ku lopitali balibatia oksijeni bote batatu, Délice, Generose na mutoto. Na miye bakaniangalia. Délice alifungua macho mbele ya giza kuingia. Neno yake ya kwanza ilikuwa, mutoto iko wapi. Nikafungua kapoti, nikamuonyesha.

Blandine aliikala na siye. Hakutugombeza, na hata ile bongo ya Generose, ule uongo ya asubuhi, hakuitaja. Alisema makala yenye kuwaka inatoa hewa mubaya. Hauione, haina harufu. Moshi ikiisha, ile hewa ingali inatoka. Inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, magulu kulegea, usingizi. Mutu anawaza ni uchovu, analala, haamuke tena. Ukisikia vile mu nyumba yenye mbabula, toka inje, toa bote, fungua, uende ku lopitali hata kama umesikia nafuu.

Generose akauliza polepole, "Lakini mama yangu alifanya vile vile. Batoto bote balikomea, bakakuwa bakubwa."

"Nyumba ya mama yako ilifunikwa na nini, mama?"

"Majani."

"Majani inapumua. Tole na bashi haipumue. Mama yako hakukosea. Nyumba ndiyo imebadilika."

Generose alifunika uso na kikwembe. Akasema, basi mutoto apashwe na nini. Blandine akamuonyesha kifua yangu, yenye mutoto alikuwa amelala juu yake. Akamuonyesha Délice pia: blauzi kubwa yenye inafunguka mbele, kikwembe juu yake, mutoto ndani. Hata padri akiingia, hataona kitu. Kumbe heshima na joto binaweza kuikala mu kikwembe moya. Hatukuwaza kuuliza.

Tulirudi ku nyumba, baridi ingali. Tulitundika kitenge mu pembe, Délice akapata fasi yake. Dirisha tuliiacha wazi upana ya mukono. Mbabula inalala inje, chini ya ukingo ya tole. Kule inapika buyi, ule uji ya moto, na maji. Maji tunaitia mu bidon, ile dumu ya plastiki, tunaifunga na kitambala, inapasha kitanda ya siye bazee, lakini mutoto haimuguse. Chini ya mukeka tulitandika makartoni, juu baridi nyingi inatokaka chini. Mutoto ananyonya mara kwa mara, na hatumuogeshe ovyo-ovyo. Ku kifua tunapokezana: Délice, Generose, Espoir, miye. Benzake Espoir kule Kavimvira balimucheka. Akabaambia mutoto anaongezeka uzito, bo bacheke tu.

Sasa Inamahoro anatembea. Anakuya ku baraza, anavuruga nyavu yangu. Baridi ikirudi, Generose anazunguka Nyamianda yote. Akiona mutu anaingiza mbabula, anasimama ku mulango. Yule anamwambia, mama, haina moshi. Generose anajibu, "Hata yangu haikuwa na moshi," na haondoke mpaka mbabula itoke.

Na desturi ya kukohoa ku mulango tunaichunga. Mutu mukubwa hawezi kuingia ovyo. Lakini kwetu sasa tunakohoa mara moya. Kama hakuna mwenye anaitika, tunaingia.